Hongo ya Kabogo: Dhabihu katika Ziwa Tanganyika na Hekaya za Kihindu

Mnamo Novemba 1871, siku chache kabla ya kuingia Ujiji, msafara wa Henry Morton Stanley ulikuwa ukipenya misitu ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, mara ukasikika mngurumo wa mbali upande wa magharibi, na wageni wakadhani ni radi. Wenyeji walipoulizwa wakajibu kwamba ile si radi bali ni Kabogo, mlima mkubwa ulio ng'ambo ya ziwa, wenye mapango marefu ambamo maji huingia kwa kishindo wakati wa upepo, na kwamba hapo vyombo vingi vimekwisha kupotea. Wakaongeza kwamba ni desturi ya Waarabu na ya wenyeji vilevile, wapitapo hapo, kutupa majini nguo za merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili mungu wa ziwa aridhike. Atupaye hupita salama, na asiyetupa huzama.

Stanley aliinakili habari hiyo katika kitabu chake kilichotoka London mwaka uliofuata, kisha akaendelea na shughuli iliyomleta, yaani kumtafuta Dk. Livingstone. Lakini msomaji wa leo ana haki ya kusimama hapo alipopita yeye kwa haraka. Merikani ilifumwa Marekani, kaniki ilitoka Bara Hindi, na shanga nyingi za biashara ya bara zilifanywa katika matanuri ya Venice. Katika vitu vile vitatu hakuna hata kimoja kilichozaliwa kandokando ya ziwa. Ilikuwaje, basi, mwenye maji ya Ujiji akazoea kupokea bidhaa za forodha ya Unguja? Nadhani jawabu limo katika hongo, ule ushuru ambao kila msafara ulimlipa kila mtawala ili uruhusiwe kupita nchini mwake: Kabogo alitendewa kama mtawala mmoja zaidi katika njia ya msafara, na dhabihu yake ikapanda na kushuka pamoja na biashara ile. Ili jambo hili lionekane vema, hatuna budi kuanza kabla ya misafara, na tupitie pia katika hekaya za wale waliouza nguo na shanga zenyewe, maana Wahindi nao walikuwa na habari ndefu za wafalme, maji na dhabihu.

KABLA YA MWAKA 1840: MWAMI NA WATEKO

Ujiji ni sehemu ya nchi pana ya Uha, na Waha walikuwa na wafalme walioitwa mwami, wa asili ya jamaa za wafugaji waliojitwalia enzi juu ya wakulima waliowatangulia. Enzi ile, hata hivyo, ilikuwa na mpaka wake. Wakulima walipopokonywa utawala hawakupokonywa ardhi katika maana yake ya siri, kwa kuwa wazee wao, walioitwa wateko, ndio waliobaki na haki ya kugawa mashamba na ya kuwapatanisha watu na mizimu ya mahali. Mwami alikula ng'ombe wa kodi na kuamua kesi za damu. Lakini palipotakiwa pombe imwagwe chini ya mti fulani, au mbuzi achinjwe penye chemchemi fulani, mfalme mwenyewe hakuwa na ulimi wa kusemea. Alimhitaji mteko.

Kwa upande wa ziwa mgawanyo huo ulikuwa mkali zaidi. Makao ya mwami wa Bujiji, yaani nchi ya Ujiji, yalikuwa milimani, nyuma ya pwani, na wageni wa karne ya 19 waliambiwa kwamba mfalme yule alikatazwa kuyatazama maji, na kwamba akiyaona atakufa. Wako wanaoicheka miiko ya namna hii. Mimi naona ina hekima ya siasa ndani yake. Ufuo uliachiwa wateko na wavuvi, na mfalme wa ng'ombe akazuiwa kuutamani, na ziwa lenyewe likabaki na mwenyewe asiyekuwa binadamu.

Asili ya ziwa nayo ilisimuliwa kama habari ya sharti lililovunjwa. Stanley, aliporudi Ujiji mwaka 1876 na kulizunguka ziwa lote kwa mashua yake, alihadithiwa kwamba zamani mahali pa maji palikuwa nchi kavu yenye mifugo na watu, na mtu mmoja na mkewe walikuwa na kisima kirefu ndani ya ua wao, kisima cha ajabu kilichowapa samaki wa kula. Siri ya kisima hicho haikupasa kutoka nje ya ua. Ndivyo wazee wa mume walivyoipokea, na ndivyo mume alivyomwonya mkewe. Mume akasafiri kwenda Uvinza kwa shughuli za biashara. Mke, aliyekuwa na mpenzi wa siri, akamlisha yule mpenzi samaki, na mpenzi akaona utamu ambao hakupata kuuonja maishani mwake, akashikilia kuuliza unatoka wapi, hata mke akalegea na kumwonyesha kisima. Yule kijana akamwona samaki aking'aa ndani ya maji, akanyosha mkono kumgusa. Hapo ardhi ikapasuka, kisima kikafurika, na nchi yote ikazama pamoja na watu wake. Mume aliporudi alikuta maji mahali pa milima aliyoizoea.

Mwenye kuitafakari hekaya hii ataona kwamba ziwa, kwa watu wa Ujiji, halikuwa zawadi, lilikuwa deni. Lilikuja kwa kosa, na anayepita juu yake anapita juu ya nyumba za waliozama. Hofu hiyo ilitosha kuwafundisha watu adabu ya maji kabla Mwarabu wa kwanza hajafika.

Huko Uvinza alikokwenda mume yule kulikuwa na chemchemi za chumvi, ambazo uchunguzi wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa watu walizitumia tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi yake ililiwa pande zote za ziwa, na wateko wa chemchemi ndio waliofungua msimu wa kuchemsha kila kiangazi, kwa tambiko, kabla hakijainjikwa chungu cha kwanza. Naitaja kwa sababu inaonyesha kanuni ile ile: palipo na mali itokayo chini ya ardhi au majini, pana mwenyewe, na mwenyewe hupewa haki yake kwanza, kisha binadamu huchukua yake.

TANGU MIAKA YA 1830: FORODHA YA UNGUJA NA WATU WA KUTCH

Sultani Seyyid Said alipoifanya Unguja makao yake, alipangisha forodha yake kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wahindu wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, ambao watu wa pwani waliwaita Mabaniani. Mwaka 1833 ukafungwa mkataba na Marekani, na merikani ikaanza kumiminika. Ladha Damji, msimamizi wa forodha kwa niaba ya nyumba ile, akawa mtu ambaye hakuna msafara ulioondoka Bagamoyo pasipo kuguswa na mkono wake, ama kwa mkopo, ama kwa bidhaa, ama kwa ushuru. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walihitaji msaada wake mwaka 1857, na vifaa vya Livingstone vilivyopelekwa Ujiji vilipita kwake pia. Waswahili, kwa ulimi wao usiokuwa na huruma, husema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Na ijapokuwa methali hiyo haiwatendei haki watu wale, kwa habari ya kaniki ilisadifu kuliko watungaji wake walivyojua.

Wafanyabiashara wa kwanza wa pwani walifika Ujiji yapata 1840, na tangu hapo bidhaa za nyumba za Kibaniani zikawa zinalala kando ya ziwa. Mabaniani wenyewe hawakwenda. Waliketi Unguja na pwani, wakila nafaka na samli, wasiue hata kuku. Hata hivyo, watu hawa wasioonja nyama walikuwa warithi wa vitabu vilivyojaa dhabihu kubwa kuliko zote ambazo mawazo ya binadamu yamepata kuzipanga.

Katika Ramayana, mfalme Dasharatha, akiwa hana mwana, alifanya dhabihu ya farasi, na baada yake ibada ya kuomba watoto, ndipo akapata Rama na ndugu zake. Katika Mahabharata, Yudhishthira, baada ya vita vya Kurukshetra vilivyomuulia jamaa na walimu wake, aliifanya dhabihu hiyo hiyo ili ajitakase damu na kuthibitisha enzi yake. Farasi aliachiliwa azurure apendavyo, na Arjuna akamfuata pamoja na jeshi. Kila nchi aliyoikanyaga farasi, mfalme wake alikuwa hana ila mawili, kumtii Yudhishthira au kupigana. Na farasi aliporejea, ndipo akachinjwa mbele ya wafalme waliokwisha kutiishwa. Hiyo ilikuwa ibada, lakini vilevile ilikuwa tangazo la mipaka. Na mfalme, pamoja na adhama yake yote, hakuweza kuitimiza kwa mikono yake mwenyewe: mali ilikuwa yake, maneno na moto vilikuwa vya makuhani wa Kibrahmani. Mwami wa milimani na mteko wa ufuoni wangaliutambua upesi mgawanyo huo.

Lakini hekaya iliyo karibu zaidi na shauri letu ni ile ya Varuna, mola wa maji. Mfalme Harishchandra, asiye na mtoto, alimwomba Varuna mwana, akaahidi kwamba akimpata atamtoa mwana yule yule awe dhabihu. Akazaliwa Rohita. Varuna akadai haki yake, na mfalme akaanza kuahirisha kama wadeni wote wafanyavyo: mara angoje mtoto aote meno, mara meno yang'oke, mara yaote mengine, mara kijana awe na umri wa kuvaa silaha. Rohita alipojua jambo aliloandaliwa akakimbilia msituni, na Varuna akampiga baba ugonjwa wa kuvimba, tumbo lake likajaa maji. Kwani mola wa maji hudai kwa maji. Baada ya miaka ya kutangatanga Rohita akakutana na Brahmani maskini, Ajigarta, mwenye wana watatu, akamnunua wa katikati, Shunahshepa, kwa ng'ombe 100, ili awe badala yake. Baba yule alipokea ng'ombe 100 wengine kwa kumfunga mwanawe mtini, na 100 wengine ili amchinje kwa mkono wake. Shunahshepa, alipoona hana mtetezi duniani, akawaomba miungu mmoja baada ya mwingine, na kamba zikafunguka, na tumbo la mfalme likanywea. Ramayana inaisimulia habari hii kwa jina la mfalme mwingine na kwa bei ya ng'ombe wengi zaidi, lakini kiini ni kimoja: deni la maji halifutwi, ila laweza kulipwa kwa badala.

Rama naye aliwahi kusimama mbele ya maji. Mkewe Sita alikuwa ameibwa na kupelekwa Lanka, na bahari ikawa imemzuia. Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kupiga wala kujenga. Alilala ufuoni juu ya nyasi takatifu siku tatu, akimsihi mwenye bahari ampe njia. Mwenye bahari hakutokea. Ndipo Rama akakasirika, akavuta upinde na kuichoma bahari kwa mishale hata viumbe vyake vikahangaika, na mola wa bahari akainuka kutoka vilindini, amefumba mikono, akakubali daraja lijengwe. Msimulizi hakuona aibu kusema kwamba shujaa wake, aliye mungu Vishnu katika umbo la mtu, alianza kwa kuomba ruhusa.

Kwa hao Mabaniani wa karne ya 19, farasi na wanadamu wa dhabihu walikwisha kubaki vitabuni. Ibada yao ilikuwa samli na nafaka kumiminwa motoni. Na kwenye pwani ya magharibi ya Bara Hindi, katika mwezi mpevu wa Shravana, tufani za masika ya huko zinapoanza kutulia na vyombo vinapojiandaa kutweka tena, mabaharia na wafanyabiashara walikuwa na desturi, ambayo ingaliko, ya kuitolea bahari nazi. Nazi kwa mwana wa mfalme, ndio mwendo mrefu wa badala ulioanza kwa ng'ombe 100 wa Ajigarta. Kwa hiyo, kama mtu angalimweleza karani wa forodha kwamba kaniki aliyoiandika daftarini itatupwa ziwani ili maji yaridhike, nadhani asingalishtuka. Pengine angaliuliza tu kama bei yake imekwisha kulipwa.

1858 HADI 1876: RASI YENYE MUME NA MKE

Burton na Speke waliliona ziwa Februari 1858. Mwezi uliofuata Speke alipanda mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge, ng'ambo, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim awakodishe jahazi lake, na safari hiyo yatueleza sababu ya Kabogo kuogopwa. Mitumbwi ya Wajiji haikukata ziwa kutoka Ujiji moja kwa moja. Ilifuata ufuo kuelekea kusini, ikilala kila usiku nchi kavu, ikapita mdomo wa mto Malagarasi, hata ikafika Kabogo. Na hapo ndipo ilipouacha ufuo na kujitupa katika maji wazi. Ziwa hili lina urefu wa kadiri ya kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, na upepo wa kusini unapolikamata kwa urefu wake wote, mawimbi hukua kama ya bahari kuu. Chombo cha gogo lililochimbwa, kilichosheheni watu na pembe, kikikutwa katikati hakina pa kukimbilia. Rasi iliyo mwanzo wa kivuko hicho haikuweza kukosa mwenyewe. Wako waliolitia jina la Kabogo ng'ambo ya pili, kama wale waliosema na Stanley, na si ajabu, kwa kuwa hofu ya kivuko ina kingo mbili.

Speke aliona kwamba wapiga makasia wake hawakukubali kabisa kuulizwa jina la mahali walikokuwa wakienda wakiwa bado majini, wala hawakuruhusu mabaki ya chakula yatupwe nje ya mtumbwi, wakihofu mamba wangewafuata. Kitu kilichoingia majini kiliingia kwa kukusudia, wala si kwa uzembe. Yeye aliyahesabu hayo kuwa ushirikina na kero. Lakini baharia gani wa Lamu au wa Mandvi ya Kutch asiye na maneno ambayo hayatamkwi chomboni?

Aliyetuachia picha kamili ni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza, aliyeondoka Ujiji Machi 1874 kwa vyombo viwili kwenda kuichunguza pwani ya kusini, safari iliyomfikisha kwenye mto Lukuga Mei ya mwaka ule. Rasi ya Kabogo, asema, ni rasi mbili zilizo pamoja, moja makao ya pepo mume na ya pili makao ya mkewe, na kwa hiyo hatari yake huhesabiwa maradufu. Walipokaribia, marubani wake wawili walisimama katika omo. Mmoja akanyosha kasia lililowekwa shanga kidogo, nao wakamwambia Kabogo kwamba yeye ni mkubwa, ni mfalme, huchukua watu wote na kuua watu wote, basi awaache wapite salama. Wakainama, shanga zikadondoka majini, na safari ikaendelea.

Maneno ya marubani yale yastahili kuwekwa kando ya maneno ya kiongozi wa msafara alipofika kwenye boma la mtawala wa Uvinza au wa Ugogo. Ni yale yale. Hapo pia aliitwa mkubwa na mfalme, ikatajwa nguvu yake ya kudhuru, zikatolewa nguo na shanga, na njia ikafunguliwa. Huko Uvinza, ambako mtawala mmoja aliishika njia, misafara ililipa hongo kwenye kivuko cha Malagarasi, na mara nyingine ikalipa tena kwa mitumbwi. Mbele ya Malagarasi alikuwako Kabogo, mwenye kivuko kikubwa zaidi. Tofauti ilikuwa moja tu, yaani kwamba Kabogo hakubishana juu ya kiasi. Watawala wa nchi kavu walizidisha madai yao mwaka hata mwaka, na vitabu vya wasafiri vimejaa malalamiko. Kabogo aliridhika na kiganja cha shanga.

Wala kiganja hicho kisidharauliwe. Katika soko la Ujiji shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika, zilikuwa sarafu kamili: Cameron aliwaona watu wenye mifuko ya sofi wakiwabadilishia wanunuzi asubuhi soko linapofunguliwa, na jioni wakizinunua tena kwa wauzaji, wakipata faida kwenda na kurudi. Mwenye kutupa shanga alitupa fedha. Hata hivyo Wazungu walicheka, wakaona ni bei ndogo mno kwa ziwa kubwa namna ile, nami kila nisomapo kicheko hicho humkumbuka nguchiro wa Mahabharata. Yudhishthira alipokwisha kuitimiza dhabihu yake ya farasi, na sifa zikiwa zimejaa mbinguni na duniani, alitokea nguchiro mwenye nusu ya mwili wa dhahabu, akatangaza mbele ya makuhani kwamba dhabihu yote ile haikufikia kipimo kimoja cha unga wa shayiri. Akaeleza kwamba Brahmani mmoja fukara, aliyeishi kwa kuokota masazo mashambani, alimpa mgeni mwenye njaa unga wake wote wakati wa ukame, na wa mkewe, na wa mwanawe, na wa mkwewe. Naye nguchiro alipojigaragaza katika chembe zilizosalia, nusu yake ikawa dhahabu. Tangu siku ile alizunguka kila penye dhabihu akijigaragaza ili nusu ya pili ikamilike, na kwa Yudhishthira pia haikugeuka. Waandishi wa hekaya hii, katika utenzi wenye farasi, wafalme na milima ya dhahabu, walimpa mnyama wa shimoni neno la mwisho juu ya jambo hilo.

Yapo mambo mengine mawili katika habari ya Kabogo. La kwanza ni huyo mke wake, maana jozi za namna hiyo hazikuwa Kabogo peke yake: katika nchi ya Katavi, mashariki ya ziwa, pepo Katabi na mkewe Wamweru huhesabiwa kukaa katika mikwaju, na watu huweka sadaka zao chini yake. La pili ni kwamba waliotupa shanga walikuwamo Waislamu. Aliyemwambia Stanley alisema waziwazi, Waarabu na wenyeji. Mtu mwenye sala tano, aliyeanza safari kwa Fatiha na kumaliza kwa Alhamdulillahi, aliona si dhambi kubwa rubani wake Mjiji akidondosha shanga ambazo yeye ndiye aliyezinunua. Kafara ya kuondoa balaa aliijua tangu pwani. Na chombo kilikuwa cha Wajiji, maji yalikuwa ya Wajiji, na mwenye kuongoza omo alikuwa Mjiji. Majahazi ya tanga yalipoongezeka ziwani, yaliyoundwa na mafundi wa pwani, marubani waliendelea kuwa watu wa ziwa, na haki ya Kabogo ikaendelea kutolewa.

1878 HADI 1914: BENDERA, MISHENI NA KODI

Miaka iliyofuata ilikuwa na mambo mengi, lakini kwa shauri letu yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Agosti 1878 aliwasili Ujiji Edward Coode Hore wa London Missionary Society, baharia kwa kazi kabla ya kuwa mmisionari, akapima ufuo na pepo za ziwa kwa miaka kumi. Na mwaka 1885 meli ndogo ya mvuke ya misheni yake, Good News, ikashushwa majini kusini mwa ziwa. Mapadri wa White Fathers walifika Ujiji Januari 1879, wakaweka mizizi Karema na Mpala. Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyekuwa mkuu wa Ujiji, akapokea bendera ya Seyyid Barghash, na alipofariki mwaka 1885 nguvu zikamwendea Muhammad bin Khalfan al-Barwani, maarufu Rumaliza. Bendera ile ilipandishwa pasipo farasi wala kuhani. Lakini kazi yake ilikuwa ile ya farasi wa Yudhishthira, kusema nchi hii ina mwenyewe.

Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896, na hapo ndipo palipotokea mabadiliko ninayoyahesabu kuwa makubwa kuliko mahubiri yote. Walifuta hongo. Mtawala wa njiani hakuruhusiwa tena kuuzuia msafara na kudai nguo. Mtu mmoja tu alibaki na haki ya kudai, naye ni serikali, ambayo mwaka 1898 ilianza kutoza kodi ya nyumba. Njia ya bara ikazoea kupitwa bure. Kizazi cha marubani kilichokua baada ya hapo hakikumwona tena baba yake akifungua mtumba mbele ya boma, akipanga doti za nguo na kete za shanga, akimsifu mwenye nchi. Na desturi ya majini, iliyokuwa imevaa sura ya desturi ile ya nchi kavu, ikapoteza kioo chake. Shanga nazo zikaacha kuwa fedha, zikashindwa na pesa na rupia. Kumpa Kabogo sofi isiyonunua hata kibaba cha dagaa lingekuwa tusi.

Wateko walibaki, lakini wakiwa wadogo mbele ya maakida na majumbe. Ndani ya mji wa Ujiji, Uislamu, uliokuwa dini ya wageni wakati wa Speke, ukawa dini ya wenyeji wenyewe, pamoja na twarika na maulidi yake. Na mtu aliyetaka salama ya safari alisoma dua, akachinja na kulisha majirani.

BAADA YA 1914: MELI YA CHUMA

Februari 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na safari ya kutoka pwani iliyokuwa ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kuletwa vipandevipande makashani, iliunganishwa Kigoma ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 isitekwe. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Meli ya chuma haihitaji kuufuata ufuo wala kulala nchi kavu. Rasi iliyokuwa lango la kivuko ikawa alama tu katika ramani ya nahodha, akiipita usiku kwa umbali, abiria wakiwa wamelala juu ya magunia yao. Mungu wa kivuko hawezi kudumu pasipo kivuko, na hili ndilo lililompunguza Kabogo, kuliko Hore na Biblia yake na kuliko masheikh wa Ujiji.

Reli ilileta pia wale ambao zamani waliketi Unguja. Wahindi, Waislamu na Wahindu, walifungua maduka Kigoma, na bidhaa zilizokuwa zikitangulia mbele yao kwa vichwa vya wapagazi zikaja sasa pamoja nao. Merikani ilipungua, shanga zikawa mapambo, lakini kaniki haikupungua thamani kwa kundi moja la wanunuzi: waganga, ambao hadi leo, Kigoma kama kwingineko Tanzania, huitaka nguo nyeusi pamoja na nyeupe na nyekundu kwa tambiko zao. Muuzaji wa Kihindu aliyeipima kwa mkono nyuma ya kaunta, akiwa asubuhi ile amemimina samli motoni nyumbani kwake, hakuwa na sababu ya kuuliza inakwenda wapi. Ushuru wake ulikwisha kulipwa forodhani, na stakabadhi alikuwa nayo.